Mchele wa Karachi, Mvua ya Kericho

Chai ikiondoka Mombasa kwenda Karachi, mchele huwa njiani kuja. Pakistan ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, na kwa miaka mingi imekuwa ikichukua zaidi ya theluthi moja ya mauzo yote ya nje. Sisi nasi tunalipa fadhila kwa sufuria: mchele mweupe mrefu wa Pakistani umejaa madukani kuanzia Likoni hadi Kisumu, unauzwa kwa kilo, kwa nusu, hata kwa robo, na bei yake kwa kawaida iko chini ya ile ya pishori ya Mwea. Mabalozi hupenda kuitaja biashara hii wanapohutubia. Ni ya siku nyingi, ni ya kirafiki, na kila upande unapata usichokuwa nacho.

Ihesabu kwa maji badala ya dola uone inavyobadilika. Chai ya Kericho, Nandi na Nyeri hukuzwa na mvua. Mkulima wake hana pampu, anatazama mawingu, na mwaka ukiwa mwema mvua hurudi palepale ilipokuwa mwaka jana. Mchele unaokuja upande huu umelimwa katika nchi ambayo sehemu kubwa yake ni kavu, kwa maji ya mifereji ya mto Indus na, kila mwaka unaopita, kwa maji mengi zaidi yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Tunapeleka mvua, tunaletewa kisima, na kisima chenyewe kinashuka.

Ninachodai hapa ni kwamba unafuu wa mchele huo una mtu anayeulipia, na siku atakaposhindwa kulipa, walaji wa Mombasa na Nairobi watakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhisi.

Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya mchele hutumia takriban lita 2,500 za maji, ukijumlisha mvua na umwagiliaji. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20, kwa yeyote aliyewahi kununua maji ya mkokoteni. Wazo la kwamba nchi ikinunua chakula inanunua pia maji yaliyokikuza si geni. Profesa Tony Allan wa London alilieneza tangu miaka ya 1990 alipokuwa akijiuliza kwa nini nchi za Mashariki ya Kati, kavu zilivyo, hazijapigana vita kwa ajili ya maji. Jibu lake lilikuwa kwamba maji yanawafikia ndani ya magunia ya ngano. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa kazi hiyo, naye Arjen Hoekstra wa Uholanzi akaja na wenzake wakalipigia hesabu hadi hizi lita 2,500 zikapatikana.

Tatizo la namba hiyo ni kwamba inachanganya maji ya aina zote kwenye ndoo moja. Lita ya mvua iliyonyesha Kilombero na lita iliyovutwa kutoka mita 60 chini ya shamba la Punjab zinahesabiwa sawa, na haziko sawa. Mvua na mto ni mshahara: unautumia, mwezi ujao unaingia mwingine. Maji ya chini ya ardhi ni urithi. Unaweza kuula polepole ukabaki, kwa sababu mvua huurudishia kidogo kila mwaka, lakini ukichota kuliko kinachorudi, unakula shina. Kwa hiyo swali la maana ni kiasi gani cha maji hayo kilikuwa mshahara na kiasi gani kilikuwa urithi.

Watafiti walijaribu kulijibu. Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Carole Dalin na wenzake waliofuatilia maji ya ardhini yanayochotwa kupita kiasi, wakaangalia mazao yake yanaishia wapi. Walikuta kwamba karibu asilimia 11 ya maji hayo yanavuka mipaka ndani ya chakula kinachouzwa nje. Theluthi mbili ya kiasi hicho hutoka nchi tatu tu: Pakistan, Marekani na India. Na kati ya mwaka 2000 na 2010 uchotaji huo wa kupindukia duniani ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 22.

Tusiiruke haraka ile 11. Maana yake ni kwamba karibu tisa kwa kumi ya maji hayo huishia kwenye sahani za wenyeji. Anayetaka kumtwisha mama lishe wa Mtwapa dhambi ya kukausha Asia atafute namba nyingine. Hata hivyo nchi inayonunua mchele wake mwingi kwa wauzaji wachache, na baadhi yao wamo kwenye orodha hiyo ya watatu, haiwezi kujificha nyuma ya wastani wa dunia.

Tuangalie Punjab kwa karibu, maana huko ndiko mambo yanakoonekana wazi. Jimbo hilo liligawanywa mwaka 1947 na pande zote mbili za mpaka, India na Pakistan, zinalima mpunga juu ya maji ya ardhini yanayofanana. Kwa upande wa India, mpunga haukuwa zao lao la asili. Walikuwa watu wa ngano, mahindi na dengu. Yale mapinduzi ya kilimo ya miaka ya 1960 yakaja na mbegu za mimea mifupi yenye mavuno makubwa, serikali ikaahidi kununua ngano na mpunga kwa bei ya chini iliyohakikishwa, na mwaka 1997 wakulima wa jimbo hilo wakapewa umeme wa bure wa kuendeshea pampu. Sasa jiweke kwenye viatu vya mkulima: soko lina uhakika, bei inajulikana kabla hujapanda, na kuvuta maji hakukugharimu hata rupia. Hata mimi ningelima mpunga.

Hadithi yote utaisoma kwenye pampu zenyewe. Pampu ya juu ya ardhi hufanya kazi kwa kufyonza, na kufyonza kuna kikomo cha kimaumbile. Kwa vitendo, maji yakishuka zaidi ya mita saba au nane, inabaki kunguruma bila kutoa kitu. Mkulima wa Punjab alipofika hapo alichimba shimo kando ya kisima, akaiteremsha mashine ndani yake ili iyakaribie maji. Maji yakashuka tena, shimo likaongezwa kina. Mwisho shimo lilikuwa refu kiasi cha kuwa hatari kwa anayeingia kufunga mkanda wa mashine, ndipo zikaja pampu zinazozamishwa ndani ya bomba lenyewe, ambazo husukuma maji badala ya kuyafyonza. Hizo zinahitaji bomba refu, mota kubwa na fundi mwenye mtambo wa kuchimbia. Mwenye ekari nyingi alikopa akaweka. Mwenye ekari mbili alibaki na shimo lake kavu, akawa ananunua maji kwa jirani. Maji hayohayo yaliyokuwa ya wote yakawa ya mwenye bomba refu zaidi, na sijaona gunia hata moja lililoandikwa habari hiyo.

Kiwango cha uharibifu kilionekana vizuri kutoka angani. NASA na Wajerumani walirusha satelaiti pacha za GRACE mwaka 2002. Zilikuwa zikifuatana, na mabadiliko madogo ya umbali kati yao yalionyesha mahali ardhi ilipoongezeka au kupungua uzito. Kaskazini-magharibi mwa India ardhi ilikuwa inapungua uzito kwa sababu maji yalikuwa yanatolewa. Kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008, majimbo ya Punjab, Haryana na Rajasthan yalipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini, kiasi kinachoweza kulijaza ziwa Mead, bwawa kubwa kuliko yote Marekani, mara tatu. Na hiyo haikuwa miaka ya ukame.

Serikali ya jimbo ilishtuka. Mwaka 2009 ikatunga sheria ya kuwakataza wakulima kupandikiza miche kabla ya tarehe 10 Juni, ili wasivute maji kuyajazia majaruba katika joto kali kabla mvua za monsuni hazijafika. Sheria nzuri, lakini kuchelewa kupanda kukaleta kuchelewa kuvuna. Mkulima akabaki na siku chache mno kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano, na njia ya haraka ya kusafisha shamba ni kiberiti. Moshi wa mabua ukasogea hadi mwisho wa Oktoba na Novemba, majira ambayo upepo umelala na hewa baridi imeutega chini, nao ukaungana na moshi wa magari na viwanda juu ya Delhi. Yaani jitihada ya kuokoa maji ilisaidia kuwakaba watu koo mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana huwa nachoka ninaposikia mtaalamu akisema suluhisho ni "teknolojia bora ya umwagiliaji". Mara nyingi mkulima akipewa mabomba ya matone, maji anayookoa huyapeleka kwenye ekari nyingine, na kisima hakioni nafuu yoyote.

Upande wa Pakistan kuna visima vya pampu zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa Punjab. Kwa miaka mingi kilichowazuia kidogo wakulima kilikuwa bei ya dizeli. Sasa paneli za jua zimekuwa rahisi mno. Mwaka 2024 peke yake Pakistan iliingiza paneli zenye uwezo wa takriban megawati 17,000, na sehemu yake imekwenda mashambani. Kwa hewa ni habari njema. Kwa kisima ni kama umeme wa bure wa India ulioshuka kutoka mbinguni, kwa kuwa ukishalipia paneli, kila lita inayofuata haina gharama mpaka jua lizame.

Hapa lazima niweke mambo sawa, kwa sababu si kila gunia la Pakistani limetoka kisimani. Basmati ya biriani zetu hutoka Punjab, maeneo ya Gujranwala, Sheikhupura na Hafizabad, ambako pampu ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Lakini mchele wa bei ya chini, ule wa aina ya mbegu iitwayo IRRI-6 unaoliwa na watu wengi, hulimwa zaidi Sindh, kusini, ambako maji mengi ya ardhini yana chumvi na mpunga hutegemea mifereji ya Indus. Wa Sindh una hatari yake nyingine: mafuriko ya mwaka 2022 yaliuzamisha ukiwa shambani. Kwa hiyo, kwa kichekesho cha biashara, mwenye harusi anayepika basmati huenda anakula maji mengi zaidi ya urithi kuliko mlaji wa wali maharage. Ningependa gunia lieleze tofauti hiyo. Halielezi, na kwenye duka la mtaa hata likieleza haingesaidia, kwa sababu mwenye duka amekwisha kulimimina kwenye ndoo.

Wapo waliowahi kuimaliza hadithi hii hadi ukurasa wa mwisho. Saudi Arabia iliamua miaka ya 1980 kujitosheleza kwa ngano. Ikalipa wakulima bei mara kadhaa ya ile ya soko la dunia, ikachimba visima virefu kwenye maji yaliyokaa chini ya jangwa kwa maelfu ya miaka, maji ambayo mvua ya leo haiyarudishi. Kufikia 1992 ilikuwa inavuna karibu tani milioni 4, na nchi isiyo na mto wa kudumu hata mmoja ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Tafakari hilo: jangwa linasafirisha maji. Mwaka 2008 serikali ikakubali kwamba visima havibebeki tena, ikaanza kupunguza manunuzi mwaka hadi mwaka, na kufikia 2016 mpango ule ulikuwa umefungwa, ukiacha kiasi kidogo kilichoruhusiwa baadaye kwa wakulima wadogo. Baada ya hapo yakaja makatazo kwa majani ya mifugo.

Lakini ng'ombe wa maziwa hawakuondoka. Kampuni ya Almarai, ambayo maziwa na laban yake huyajua kila Mkenya au Mtanzania aliyewahi kufanya kazi Riyadh au Jeddah, kupitia tawi lake la Fondomonte ilikuwa imekwisha kununua mashamba ya Vicksburg, jangwani Arizona, mwaka 2014. Kule vijijini, nje ya maeneo machache yanayosimamiwa, mwenye ardhi aliruhusiwa kuvuta maji kadiri pampu yake ilivyoweza. Alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe, ikalimwa, ikafungwa marobota, ikavuka bahari. Visima vya wakazi wa jirani vikaanza kukauka. Oktoba 2023 Gavana Katie Hobbs alifuta mkataba mmoja wa ardhi ya jimbo katika bonde la Butler na kukataa kuongeza mingine, na Desemba 2024 mwanasheria mkuu wa Arizona akaifungulia kampuni hiyo kesi. Wamarekani wengi walikasirika kwamba Waarabu wanachukua maji yao. Hasira ile ilikuwa na kioja ndani yake, maana wakulima wa Marekani wenyewe wamekuwa wakisafirisha maji ya ardhini kwa miongo, ndani ya lozi za California na ngano na mahindi ya nyanda za kati. Katika bonde la San Joaquin ardhi yenyewe ilizama karibu mita 9 kati ya 1925 na 1977 kwa sababu ya kuvuta maji.

Nimekwenda hadi Arizona kwa sababu moja. Riyadh ilipokausha kisima chake, ilikuwa na pesa za kununua kisima cha mtu mwingine. Nairobi, Dodoma, Zanzibar na Bujumbura hazina. Kisima cha muuzaji wetu kikikauka, au akiogopa tu kwamba kitakauka, tutapata habari zake kwenye bei.

Onjo la hali hiyo tumekwisha kulipata. Tarehe 20 Julai 2023, India, ambayo peke yake ilikuwa na karibu asilimia 40 ya biashara ya mchele duniani, ilipiga marufuku usafirishaji wa mchele mweupe usio basmati. Sababu haikuwa visima. Ilikuwa hofu ya mvua mbaya na bei za ndani, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Bei za dunia zikapanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa takriban miaka 15. Wanunuzi wakakimbilia Pakistan, ambayo mauzo yake yakafika rekodi ya karibu tani milioni 6. India ilikuja kuondoa marufuku Septemba 2024. Lililonikaa kichwani ni wepesi wake: tangazo moja la jioni, na mlaji wa Kisauni anabadilishiwa maisha na ofisi ambayo hakuipigia kura na hajui iko mtaa gani. Nchi ambazo maji yake yanapungua zitakuwa na sababu zaidi za kutoa matangazo ya aina hiyo.

Kwa hiyo tususie? Hapana. Kususia mchele wa Pakistani hakuongezi tone kwenye kisima cha Punjab. Kunamwongezea gharama mtu wa kipato cha chini hapa, na kunamkasirisha mnunuzi wetu wa chai. Hilo la chai si dogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya jumuiya, lakini kwa miaka mingi Kenya imeomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35, na hofu ya Pakistan kulipiza kisasi kwenye chai ni mojawapo ya sababu. Wenzetu wa Tanzania hununa, na wana haki. Mchele wa Mbeya na Shinyanga ukifika Namanga unapambana na mpinzani ambaye maji yake hayamo kwenye bei.

Hapo ndipo ninapowashangaa wachumi wetu. Tumefundishwa kwamba kilicho rahisi sokoni kimezalishwa kwa ufanisi. Inawezekana. Lakini mchele unaweza pia kuwa rahisi kwa sababu pampu inaendeshwa na umeme wa bure na maji yenyewe hayana bei, na ufanisi wa namna hiyo una tarehe ya mwisho. Mkulima wa Mwea anayemwagilia kwa mito ya Thiba na Nyamindi analipa ada ya maji na kusubiri zamu yake ya mfereji. Ukimlinganisha na pampu ya bure halafu ukamwita mzembe, umeipima kilo ukasahau mizani imeinamia upande gani.

Sisemi mito yetu haina kikomo. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, na kilimo cha mpunga cha Usangu kimetajwa sana katika kesi hiyo. Mto, hata hivyo, ukikauka unauona: viboko wanarundikana kwenye madimbwi, magazeti yanaandika, mkuu wa mkoa anafoka. Kisima kinashuka kimya, na ugomvi huanza wakati tayari mwenye pampu fupi amefilisika.

Julai 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele mweupe kuingia bila ushuru wowote hadi mwisho wa mwaka. Chama cha siasa cha Farmers Party kikaenda Mahakama Kuu ya Kerugoya kupinga, wakulima wa Mwea wakisema maghala yao yana mchele uliokosa mnunuzi, na mahakama ikasimamisha tangazo hilo kwa muda. Mabishano yalihusu upungufu ni wa tani ngapi na ghala la nani limejaa. Yalikuwa mabishano halali, ila ningeongeza swali moja mbele ya waziri: kati ya tani hizo 500,000, ngapi zingetoka mahali ambapo maji yanashuka, na mkataba wa kununua mchele wa Mwea, Ahero na Mbeya kwanza, kabla ya meli, ungegharimu shilingi ngapi zaidi kwa kilo? Bwawa la Thiba lilizinduliwa Oktoba 2022 ili Mwea ilime misimu miwili kwa mwaka. Mavuno ya msimu wa pili yakikaa ghalani wakati meli inapakua Kilindini, msimu wa tatu mkulima atapanda nyanya.